Nguchiro na Mtaro wa Wakubwa

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakafagia nyua zao na kupika kwa vyungu kama sisi, palikuwa na mji ulioitwa Mteremko. Uliitwa hivyo kwa sababu ulijengwa ubavuni mwa kilima. Wanyama wakubwa walikaa juu, wanyama wadogo walikaa chini, na katikati ulipita mtaro mmoja uliotoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo.

Sasa sikilizeni mtaro huo ulibeba nini.

Juu kabisa alikaa Tembo na ukoo wake wote. Moto wa jiko la Tembo haukuzimwa, kwa kuwa tumbo la Tembo halishibi. Maji ya kuoshea vyungu, maganda ya maboga, mbegu za nyanya, na mambo ya chooni ambayo sitayataja sasa hivi kwa sababu mnakula, vyote vilimwagwa mtaroni, pwaa.

Jirani yake alikuwa Nyati, mpika pombe ya mtama. Akishakamua pombe yake, machicha aliyamwaga mtaroni, pwaa.

Wa tatu alikuwa Kiboko. Huyu alikuwa na hodhi kubwa ya kuogea, akijilaza humo tangu asubuhi mpaka jioni, na nyinyi mnajua Kiboko akiwa majini hufanya nini. Jua likizama alizibua hodhi, na yote yakateremka, gubu gubu gubu.

Mtaro uliishia kwenye kijito. Na kijito hicho ndicho kilichowanywesha wakazi wa Mtaa wa Chini.

Huko Mtaa wa Chini alikaa Nguchiro mmoja mwanamke, jina lake Nyamizi. Alikuwa na mumewe Kasoga na watoto wao, na kitinda mimba wao alikuwa binti aitwaye Limi, kwa hiyo wengi walimwita Mama Limi. Alikuwa mdogo na mwembamba, mwepesi wa miguu, na mwepesi zaidi wa mawazo.

Mwaka mmoja kiangazi kilikaza sana. Kijito kikapungua, lakini mtaro haukupungua. Maji yakawa na rangi ya chai, kisha rangi ya chungu. Watoto wa Mtaa wa Chini wakaanza kuharisha. Jirani yake Nyamizi, Mama Kanga, alizika kifaranga, na kabla hajaanua matanga akazika kingine.

Kisha Limi naye akaugua.

Alilala mkekani, macho yamezama, midomo imekauka. Nyamizi alichemsha maji, akayapoza, akamnywesha kidogo kidogo.

"Mama," Limi alisema, "tumbo linanguruma kama Simba."

"Litanyamaza, mwanangu. Meza tena kidogo."

Likanyamaza, lakini lilichelewa sana. Limi alipoweza kuketi na kuomba uji, Nyamizi alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mahali ambapo hakuna wa kumwona, akalia. Alipomaliza kulia alijifuta uso, akajifunga kanga vizuri, akapanda juu kwa wakubwa.

Kwanza alikwenda kwa Tembo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Umepandia nini huku?"

"Babu, watoto wetu wanakufa. Maji yenu machafu yanaingia kwenye kijito tunachokunywa. Naomba mchimbe mashimo, maji yatulie humo kabla hayajashuka."

Tembo alitafuna boga lake taratibu, akameza.

"Mjukuu, maji yakishavuka kizingiti changu si yangu tena. Nikichimbie mashimo ya nini kitu kisicho changu?"

Akaenda kwa Nyati. Nyati alikuwa anakoroga pipa, na hakugeuka.

"Kama kijito hakiwafai," alisema, "hameni."

"Tuhamie wapi, mjomba?"

"Dunia ni pana."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko alitoa pua tu juu ya maji.

"Unataka nisioge?"

"Oga, bwana Kiboko. Naomba tu..."

Pua ikazama, chubwi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nyamizi akateremka polepole akiufuata mtaro, moyo mzito. Njiani alifika mahali ambapo Nyati aliwahi kujigaragaza zamani akaacha shimo. Maji ya mtaro yaliingia kwenye shimo hilo na kutulia. Nyamizi akainama kutazama. Tope lote lilikuwa limelala chini, zito kama ugali, na maji ya juu yalikuwa na nafuu. Hatua chache mbele kilisimama kichaka cha matete, na maji yakapenya katikati ya mizizi. Upande wa pili wa matete, juu ya jiwe, alikaa Chura anaimba.

"Habari za hapa, Mama Limi," alisema Chura.

"Nzuri. Wewe unakaa kwenye mtaro huu mbovu?"

"Pale juu ya shimo sikai, ngozi yangu inawasha. Hapa nakaa. Hapa maji yameshaacha mzigo wake."

Nyamizi aliteka kwa kiganja. Maji yalikuwa meupe. Akanusa. Hayakunuka. Lakini yalikuwa uzi tu, na mengine yote yalipita pembeni ya kichaka yakikimbilia kijitoni na uchafu wake.

Alikaa karibu na Chura kwa muda mrefu, akipima kwa macho. Shimo kubwa. Kisha matete mengi. Kisha labda bwawa pana la kupigwa na jua. Akatazama makucha yake. Kwa makucha yale angechimba mpaka wajukuu wake waote mvi. Mashimo ya namna ile yalihitaji pembe za Nyati, meno ya Tembo na kifua cha Kiboko.

Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Kasoga, wakubwa watatuchimbia mashimo."

"Wamekubali?"

"Wamekataa."

Kasoga aliweka chini jembe alilokuwa analitia mpini. Alimfahamu mkewe. "Nyamizi, ukiwadanganya wale watatukanyaga."

"Sitasema uongo hata mmoja," alisema Nyamizi. "Nitawaambia kweli tupu. Wao wenyewe ndio watakaoikataa."

Kesho yake, jua likiwa utosini na kila mtu akiona, Nyamizi alipanda hadi chini kidogo ya nyumba za wakubwa akiwa na kata, kitambaa na chungu. Akachimba kishimo kidogo kando ya mtaro, cha kutosha kulaza paka. Akapanda mashina ya matete mdomoni mwa kishimo hicho. Kisha akaanza kuteka maji machafu na kuyachuja, taratibu, kama mtu anayechuja asali. Na huku anachuja anaimba kwa sauti ndogo:

*Chuja, mkono, chuja,*
*cha chini kisinikimbie.*
*Chuja, mkono, chuja,*
*mwenye mali asisikie.*

Akisikia hatua za mtu anafunika chungu chake haraka, anatazama mawinguni.

Siku ya kwanza Nyati alimwona akapita. Siku iliyofuata alimwona akapunguza mwendo. Siku nyingine akasimama.

"Mama Limi, unafanya nini hapo?"

Nyamizi akarukia chungu chake na kukikumbatia. "Nachuja maji tu, mjomba."

"Ndani mna nini?"

"Uchafu tu, mjomba."

"Uchafu ndio unaoukumbatia?"

"Naapa ni uchafu tu. Ni tope la mtaroni. Tazama mwenyewe." Akafunua kidogo, akafunika upesi.

Nyati hakuona kitu, na kwa sababu hakuona kitu, hakulala vizuri. Akawa anajiambia: hakuna kiumbe anayeshinda juani kulinda tope. Na yule mtoto wao aliyekuwa mahututi sasa anarukaruka, manyoya yanang'aa. Nyumba ile imepata kitu.

Alikuwa sahihi kuhusu Limi. Nyamizi alikuwa anateka maji yake kwa Chura, nyuma ya matete, na kuyachemsha.

Alipoona Nyati ameiva, Nyamizi alikwenda tena kwa Tembo. Safari hii alimkuta na mkewe, Bibi Tembo, wameketi barazani na wageni. Nyamizi akapiga magoti.

"Babu, siku ile nilikuja kulalamika. Leo nimekuja kuomba radhi, na kuomba zawadi."

"Zawadi gani?"

"Nipe maji yako machafu. Yote, daima. Useme mbele ya hawa wageni kwamba ni yangu, mimi na watoto wangu, na Nyati asiyaguse."

Masikio ya Tembo yalisimama. "Unayatakia nini?"

"Ni uchafu tu, babu."

"Nimekuuliza unayatakia nini."

"Sisi wadogo tumezoea kuokotaokota. Kwako wewe hayana faida. Mwenyewe ulisema yakishavuka kizingiti si yako."

"Nilisema," alijibu Tembo polepole. "Na sasa nasema ni yangu. Kilichotoka tumboni mwangu, jikoni mwangu na kwenye vyungu vyangu ni changu mpaka kitakapooza."

"Babu, nakusihi. Usiniumize. Ni uchafu tu, mimi sikufichi."

"Bibi," Tembo alimgeukia mkewe, "umewahi kuona mtu anapiga magoti akiomba uchafu?"

"Sijawahi," alisema Bibi Tembo, na alimtazama Nyamizi kwa makini zaidi kuliko mumewe.

Nyamizi akaondoka akilia. Alilia hadi alipopita kona. Hapo akasimama, akajinyoosha, akaenda zake.

Kulipopambazuka, mji mzima uliamshwa na mtikisiko, ti, ti, ti. Tembo alikuwa ameshuka chini ya nyumba za wakubwa na ukoo wake, wanachimba. Walichimba kwa meno na kwa miguu, wakatoa udongo mwekundu, mpaka likapatikana shimo ambalo Tembo mzima angesimama ndani asionekane. Wakauelekeza mtaro wote humo.

"Chochote kilichomo," alisema Tembo, "kitazama hapa, na kitakuwa changu."

Nyati alikuja mbio, pembe mbele. "Mzee, na machicha yangu yamo humo humo. Mtaro ni wa wote."

"Shimo ni langu. Wewe chimba lako."

"Nitachimba wapi, na wewe umeshaziba juu?"

"Chimba chini. Shimo langu likijaa, yatakayofurika utayapata wewe."

Nyati akachimba chini ya shimo la Tembo. Alipomaliza, alisimama akitazama maji yanavyoingia, akakosa raha. Kama yule Nguchiro alikuwa anachuja, basi mali yenyewe ni ndogondogo. Itapita. Akakumbuka matete yaliyopandwa mdomoni mwa kile kishimo.

"Kumbe siri ni matete," alijiambia.

Akapanda matete shimo zima, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mikono yake mwenyewe, huku akitazama nyuma asije akaonwa. Nyamizi alikuwa juu ya mti anamtazama, amejiziba mdomo.

Kiboko alisikia habari mwisho, kwa sababu masikio yake huwa yamejaa maji. Alipotoka hodhini na kuambiwa, alikasirika sana.

"Nusu ya uchafu wa mtaro ule ni wangu," alisema. "Hakuna asiyejua."

Hakuna aliyebisha. Akateremka chini ya shimo la Nyati, na kwa kuwa hajui kuchimba kwenda chini, alijilaza na kujisukuma huku na huku kwa kifua mpaka akafanya bwawa pana lenye kina kifupi. Maji yaliyopenya kwenye matete ya Nyati yakatandazwa humo, jua likayapiga kutwa nzima. Kiboko alitamani mno kuingia, lakini aliogopa kuivuruga mali yake. Akawa anakaa ukingoni kama mgeni asiyekaribishwa ndani.

Na maji yaliyovuka bwawa la Kiboko, wanangu, yalishuka kwenye kijito yakiwa meupe.

Hayakubadilika mara moja. Lakini kila asubuhi Nyamizi alipokwenda kutazama, aliona jiwe moja zaidi chini ya maji ambalo jana hakuliona. Kisha akaona miguu yake mwenyewe. Kisha Chura akahama kutoka kwenye kichaka chake, akaja na wanawe wote kuishi kijitoni.

Nyamizi alikwenda kwa Kiboko na kumwuliza kwa adabu, "Bwana Kiboko, haya yanayotoka mwisho, yasiyo na kitu, unaruhusu tuyachote?"

Kiboko alicheka mpaka bwawa likatikisika. "Chukueni. Chukueni maji matupu."

"Ahsante sana. Mungu akuzidishie."

Mtaa wa Chini ulitulia. Bado walichemsha maji ya kunywa, kwa maana Nyamizi aliwasisitiza. Watoto waliacha kuharisha. Mama Kanga alitaga tena, na alipoangua, alivipeleka vifaranga vyake vyote kijitoni akavisimamisha hapo, akavitazama tu vikinywa. Nyamizi alisimama naye.

Jioni moja Kasoga alisema, "Sasa tumepona. Lakini watakapotafuta mali yao?"

"Hapo ndipo pana kazi," alisema Nyamizi.

Na siku hiyo ilifika. Mashimo yalipojaa, wakubwa waliyatoa tope lote na kulirundika ukingoni, wakaanza kuchambua. Walichambua kwa mikonga, kwa kwato, kwa midomo. Tembo alipata mwiko wa mkewe uliopotea. Nyati alipata kifuniko cha pipa. Kiboko alipata kambale mmoja aliyemtazama kwa mshangao. Mali hawakuiona.

Wakateremka Mtaa wa Chini, ti, ti, ti, na nyufa zikatembea kwenye kuta za nyumba ndogo. Wadogo walijifungia. Nyamizi alitoka nje peke yake, akasimama mlangoni kwake. Nyuma ya mlango alimsikia Kasoga akimnyamazisha Limi.

"Umetudanganya," alisema Tembo. Aliinua mguu mmoja, akauacha hewani juu ya kichwa cha Nyamizi, na kivuli chake kikamfunika mzima.

"Babu, nikifa nife na haki yangu," alisema Nyamizi. Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikukatika. "Nilikwambia nini siku ile barazani kwako?"

"Ulisema mtaroni kuna mali."

"Sikusema."

"Alisema," alidakia Nyati. "Hata mimi aliniambia."

"Nilikwambia nini, mjomba?"

Nyati akageuka kumtazama Tembo.

Hapo sauti ikatoka nyuma yao. Bibi Tembo alikuwa ameteremka taratibu, mkonga wake umeshika ule mwiko.

"Mume wangu, mimi nilikuwapo, na wageni walikuwapo. Binti huyu alisema ni uchafu tu. Alisema na kurudia. Wewe ndiye uliyekataa kumwamini."

Mama Kanga, aliyekuwa anachungulia dirishani, alicheka bila kukusudia, kicheko kidogo kilichomponyoka. Kisha mwingine akacheka nyumba ya pili. Tembo akauteremsha mguu wake, si juu ya Nyamizi, bali pembeni, kama mtu aliyesahau kwa nini aliuinua.

Lakini aibu ya mkubwa ni jambo la hatari. "Sawa," alisema. "Kama ni uchafu tu, hatuna haja ya mashimo. Kesho tunayafukia, na mtaro urudi njia yake."

Hili Nyamizi hakulitazamia. Mguu wa Tembo ungemuua yeye mmoja, lakini neno hili lingeua watoto wa mtaa mzima. Akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri maishani mwake.

"Ni haki yenu, babu. Mtafukia kwa nini?"

"Kwa tope lile lile tulilolirundika."

"Bado ni bichi. Tope bichi halifukii shimo, linateremka na maji. Mtafukia leo, kesho mtafukia tena. Liacheni likauke, lipigwe na mvua, lishikamane. Baada ya hapo mtafukia mara moja, mpumzike."

Wakubwa watatu wakatazamana. Walikuwa wamechoka, migongo inawauma kwa kuchimba na kuchambua.

"Anasema kweli," alisema Kiboko, aliyependa sana neno kupumzika.

Wakarudi juu. Nyamizi akaingia ndani, akaketi karibu na Limi.

"Umepata ushindi," alisema Kasoga.

"Nimepata muda tu. Na sijui nitaufanyia nini."

Kweli hakujua. Mvua zilipoanza, kila siku aliamka na wazo moja na kulala amelitupa. Alifikiri kuhama. Alifikiri kuwaomba wadogo wote walale kwenye mashimo ili yasifukiwe. Mtaa wa Chini ulikuwa unakunywa maji safi, na yeye peke yake hakuonja utamu wake.

Mvua zilipopungua, Bibi Tembo alikuja tena, peke yake.

"Mama Limi, panda ukaone."

Nyamizi alidhani wameanza kufukia. Alipanda akikimbia, pumzi imemkauka. Alipofika kwenye mashimo alisimama.

Hakuona lundo la tope. Aliona kijani kitupu. Ile milima mitatu ya tope ilikuwa imefunikwa na majani mapana, na chini ya majani yalilala maboga, makubwa kama matumbo ya wakubwa wenyewe. Mbegu zote zilizotupwa na jiko la Tembo zilikuwa zimelala humo, na mvua zimeziamsha. Nyanya zilining'inia mpaka mashina yakainama. Kwenye bwawa la Kiboko samaki walikuwa wanarukaruka, na Bata alikuwa amehamia na familia yake. Matete ya Nyati yalisimama marefu, tayari kwa kusukwa mikeka.

Na upande wa pili lilionekana shamba la Tembo la siku zote, jekundu na kavu. Mahindi yake yalifika magotini yakachoka. Shamba hilo lilikuwa limelimwa miaka mingi bila kurudishiwa chochote.

Tembo alikuwa amesimama katikati ya maboga. Aliposikia hatua za Nyamizi aligeuka.

"Njoo hapa, mjukuu. Nijibu bila kuzunguka. Ulijua?"

Kasoga angekuwepo angemkonyeza akubali. Kila mtu angemwita mwenye hekima, na ungekuwa uongo mwepesi kuliko yote. Nyamizi alitazama maboga yale, akashika jani moja, akalipapasa.

"Sikujua, babu. Mimi nilitaka maji tu. Nilipokwambia ni uchafu tu, nilikuwa nakuchezea, lakini mwenyewe niliamini hivyo."

"Kwa hiyo maneno yako hayakuwa kweli."

"Hayakuwa kweli."

"Basi na wewe umedanganyika."

"Nimedanganyika, babu."

"Na nani?"

Nyamizi alifikiri. "Na tope."

Tembo alitikisika, na Nyamizi akarudi nyuma hatua moja, kisha akaelewa kwamba mzee anacheka. Bibi Tembo akacheka. Nyati, aliyekuwa anakata matete yake, akauliza wanacheka nini, na alipoambiwa akacheka baada ya wote kumaliza.

Mashimo hayakufukiwa. Kila kiangazi waliyatoa tope, wakalirundika likauke na kuiva, wakaligawana: wakubwa wakalitandaza mashambani mwao, wadogo wakalitia kwenye bustani zao ndogo. Nyati alijifunza kupunguza matete yalipozidi. Kiboko aliruhusiwa kuingia bwawani jioni, kwa sharti kwamba atulie.

Siku ya mavuno ya kwanza Tembo aliwaalika wa juu na wa chini. Lilipikwa boga kwa tui, na samaki kwa nyanya. Limi alikula mpaka tumbo likawa ngoma, akalala mapajani mwa Bibi Tembo, ambaye hakuthubutu kusogea asije akamwamsha. Nyamizi alikaa karibu na mumewe, bakuli mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kile hakuwa na jambo lolote la kupanga.

Nami hadithi nimeitua hapo, mwenye kiu na akanywe: tamaa huchimba na akili huteka, lakini kilichoitwa uchafu huwalisha wote wawili.